Tembo wa Bi Mkejina

Bwana Mwinjaka, tajiri wa mtaa, alipenda mchezo wa kadi za wanyama. Kila mtu huja na bunda lake, kadi zikachanganyika mkekani, na mchezo ukiisha kila mtu huokota zake. Yeye huokota zake na za wenziwe.

Siku hiyo akaokota kadi ya Tembo, ambayo Bi Mkejina, fundi cherehani, aliachiwa na marehemu mumewe.

"Hiyo yangu, bwana."

"Ina jina lako?"

"Haina. Ila kadi zangu huzitoboa pembeni kwa sindano. Yenye tundu yangu, isiyo na tundu yako. Radhi?"

Bwana akaigeuza juani, asione tundu. Akacheka. "Radhi, na hawa wote mashahidi."

"Basi chukua Tembo wako. Na hizo nyingine tuzitazame."

Wakazitazama. Kadi arubaini za Bwana Mwinjaka, kila moja ina tundu. Hapo akakumbuka zilivyolala siku tatu kwa Bi Mkejina, alipompelekea azishonee mfuko.

"Dada yangu," akasema taratibu, "tubadilishane."

"Tembo wako huyo, bwana, mie nimtakie nini?" akajibu Bi Mkejina, na kiganja keshakikunjua.