Kopo na Sufuria

Mtu mmoja mwenye bucha, jina lake Anyosisye, alikuwa na mwili wa kuonewa wivu, mpaka siku daktari alipomwambia kwamba lehemu, yale mafuta yanayoziba mishipa, imezidi katika damu yake, na kwamba asipopunguza mafuta, moyo wake hautamvumilia. Lakini supu ya kongoro ndiyo iliyokuwa furaha yake ya kila asubuhi. Akanunua kopo la unga wa kitunguu saumu, akawa anakoroga kijiko katika maji ya moto, anakunywa, kisha anavuta bakuli la supu kama kawaida.

Baada ya muda akaona supu imekuwa nyepesi mdomoni. Akafurahi! Akamwambia mkewe, Tumpe, kwamba unga umeanza kazi, kwamba sasa hata ulimi wake unayakimbia mafuta. Tumpe akainamia sufuria.

Aliporudi kupimwa, lehemu ilikuwa imeshuka. Anyosisye alitoka pale akitembea kama kijana anayekwenda kuposa! Alilisifu kopo sokoni, akalisifu kanisani, na jioni akamwita mdogo wake Asajile, ambaye ugonjwa ulikuwa huo huo na hofu ilikuwa imemnyima usingizi. Akamkabidhi kopo kwa mikono miwili. Asajile akalikumbatia, akasema kwa shangwe kwamba sasa atairudia nyama ya mafuta bila woga.

Hapo Tumpe akaingia jikoni, akarudi na mche wa sabuni, akauweka mezani.

“Shemeji, ukichukua kopo, chukua na hii. Nimeitengeneza kwa mafuta ya supu ya kaka yako. Kila alfajiri yakiganda kwa baridi nayaengua kwa upawa, yeye akiwa bado anakoroma. Hakuyala, shemeji, ameyaogea!”

Anyosisye akanusa viganja vyake. Kisha akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Asajile akacheka naye, maana wote wawili waliona kwamba kuna njia ya kuishi, na kwamba ilikuwa humo ndani ya nyumba siku zote. Asajile aliondoka na kopo, na upawa wa Tumpe ndani ya koti. Alfajiri iliyofuata Anyosisye aliamka wa kwanza, akawahi sufuria kuengua mafuta mwenyewe.

Kama unga nao ulisaidia, sijui, silihukumu kopo. Lakini wewe unayeshangilia leo kwa sababu umepona, umewahi kuuliza ni nani anayeamka kabla yako?