Paka wa Mwantumu na Jiko Lililofunikwa Ungo

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mafiga matatu.

Na la nne?

La nne halipo, wala chungu hakilidai.

Vyema. Mwenye kikohozi akohoe sasa, aliye mbali na moto asogee. Hapo zamani, wanyama na watu walipokuwa bado wanasemeshana na hakuna aliyeona ajabu, alikuwapo mtu akiitwa Shebughe, na mkewe akiitwa Mwantumu. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa na Paka.

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile ni hili. Jioni moja Mwantumu alipakua wali, akakwangua ukoko chini ya chungu, akauchovya katika mchuzi wa dagaa, akauweka ndani ya kifuu cha nazi. Paka akala. Kisha Mwantumu akakusanya makaa, akayafukia kwa majivu ili moto ulale bila kufa, akayasawazisha majivu kwa vidole vyake, kama alivyofanya kila jioni. Shebughe akauliza kutoka mlangoni kama amemaliza. Mwantumu akasema, "Paka ameshakula. Sasa tulale."

Kulipokucha, Mwantumu hakuamka.

Majirani walikuja wakafanya yote yanayofanywa. Nyumba yenye msiba haiwashi moto, kwa hiyo chakula kilitoka katika majiko mengine. Matanga yakaanuliwa, mikeka ikakunjwa, watu wakarudi makwao. Hapo ndipo Shebughe, sasa mgane, alipoingia jikoni. Makaa yalikuwa yamekufa. Lakini juu ya majivu palikuwa na mifereji minne myembamba, imelala pamoja kama mistari ya jembe shambani. Zilikuwa alama za vidole vya mkewe.

Akasimama akazitazama. Kisha akautungua ungo wa Mwantumu ukutani, akayafunika majivu.

Tangu siku hiyo jiko halikuwashwa. Paka, ambaye tangu utoto alilala katika majivu ya moto, alikuja kulala mahali pake. Shebughe akamwambia, "Toka hapo." Akaja tena. Shebughe akamwambia, "Toka hapo." Akaja mara ya tatu, Shebughe akachukua ufagio. Paka akaenda kulala kwenye sakafu tupu karibu na mlango, penye upepo unaopita chini.

Jirani yao alikuwa Bi Mwanamvua. Zamani alikuwa akija kila asubuhi na kigae kuomba moto, maana moto wa Mwantumu ulikuwa haufi. Sasa alikuja na sahani iliyofunikwa kawa. Siku moja akachungulia jikoni, akasema, "Shemeji, tangu lini jiko likafunikwa ungo? Unapepeta nini humo?" Shebughe akamshukuru kwa chakula.

Basi Paka akaacha kula.

Shebughe alimmegea samaki wa Bi Mwanamvua, akamwekea ndani ya kifuu.

"Paka, Paka, kula."

"Sili."

"Kwa nini huli?"

"Hapo hapana kitu."

Shebughe akatazama. Kifuu kilikuwa kimejaa. Akaongeza samaki. Paka akasogeza pua, akairudisha, akasema vilevile: hapo hapana kitu. Ngozi yake ikaanza kushika mbavu, na macho yakaota utando. Shebughe akaogopa. Aliyemlea Paka yule alikuwa Mwantumu, na Shebughe alijua kwamba Paka akifa, ndani ya nyumba ile hatabaki tena kiumbe aliyeitwa na sauti ya Mwantumu. Akatoka kutafuta msaada.

Wa kwanza alikuwa Mbuzi. Mbuzi alimtazama Paka kutoka mbele, akamtazama kutoka nyuma, akasema ugonjwa huu anaujua, unatokana na kukosa majani. Yeye mwenyewe hajakosa majani tangu azaliwe, na ndevu zake si hizo wanaziona? Akaleta kisamvu kibichi mdomoni, akakitua ndani ya kifuu.

"Paka, Paka, kula."

"Sili. Hapo hapana kitu."

Mbuzi alisubiri kwa adabu. Alipoona hakiliwi, akakila mwenyewe, akaaga.

Wa pili alikuwa Kuku. Kuku alisema kosa la Mbuzi ni kutojua kwamba tumbo la mgonjwa linataka kitu kikavu. Akaleta mtama, akaumwaga ndani ya kifuu, akamwagiza Paka ameze na vijiwe viwili vitatu ili usagike.

"Paka, Paka, kula."

"Sili. Hapo hapana kitu."

Kuku akasema wagonjwa wa siku hizi wamedeka. Akaudonoa mtama wote, na vijiwe vyake, akaenda zake.

Wa tatu alikuwa Kunguru. Huyo hakuitwa. Alitua kwenye paa, akampima Paka kwa jicho kama fundi apimavyo kitambaa. Akaleta utumbo wa samaki uliokwisha kuharibika. Shebughe akaziba pua, akasema huu hakika atausikia harufu.

"Paka, Paka, kula."

Paka akachelewa kujibu. Kisha akasema, "Sili. Hapo hapana kitu."

Kunguru akaula ule utumbo, akamwambia Shebughe asihangaike sana. Akasema yeye hana haraka, atangoja palepale juu ya paa.

Shebughe akarudi jikoni akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mahali alipokuwa akikaa Mwantumu. Nyuma ya mafiga kitu kikakwaruza. Panya akatoa kichwa. Shebughe akainua ufagio.

Panya akasema, "Nipige baada ya kusema, si kabla."

Ufagio ukabaki juu.

"Bwana Shebughe, mimi ni mkazi wa nyuma ya mafiga, kama alivyokuwa baba yangu. Tangu jiko hili lizime, hapadondoki hata punje. Watoto wangu wanatafuna kamba za kitanda chako. Ukianguka usiku usiseme hukuambiwa. Paka akipona, atakula mmoja wetu. Jiko lisipowaka, tutakufa wote. Kwa hiyo nakwambia. Paka hakufanyii jeuri. Anakwambia kweli na wewe husikii."

"Kifuu kinajaa, naye anasema hapana kitu. Kweli gani hiyo?"

"Wewe huona kwa macho. Paka chakula hukiona kwa pua, na pua yake imeziba. Ana mafua ya sakafu. Hata utumbo wa Kunguru hakuusikia. Chakula cha Bi Mwanamvua kikifika hapa kimepoa, hakina mvuke, na kwake ni kama hukuweka kitu. Mpanguse pua kwa maji ya moto. Mpe kitu kinachofuka, chenye ukoko. Mlaze penye joto."

Shebughe akasema atamwomba Bi Mwanamvua akipashe chakula.

"Kutoka kwake hadi hapa kitapoa," akasema Panya. "Na joto la jikoni kwake utalibeba na nini? Na ukoko, nani ataleta ukoko kwenye nyumba ya mfiwa? Wanakuletea wali wa juu kwa heshima. Ukoko wanauacha kwao."

Hilo lilikuwa kweli. Shebughe akashusha ufagio. Akapiga goti, akauondoa ungo. Mifereji minne ilikuwa palepale, haikupungua.

Akasema, "Nikiwasha moto hapa, hizi zitapotea."

Panya akatazama ukutani, kama mtu aliyesikia neno lisilomhusu. Paka ndiye aliyekuja. Alitembea polepole kutoka mlangoni, miguu ikipishana, akaketi kando ya mafiga bila kuyagusa majivu.

"Bwana," akasema, "siku ulipoleta ungo huu, pua yangu ilikuwa nzima. Ulipolala, niliiingiza chini ya ungo. Nilinusa mfereji wa kwanza. Nilinusa wa pili. Nilinusa wa tatu na wa nne. Mama hayumo. Hapo hapana kitu, bwana. Ni majivu."

"Hukusikia harufu yake hata kidogo?"

"Niliisikia. Lakini kwenye ungo, ukingoni, pale alipokuwa akiushikia."

Shebughe akauweka ungo kando. Kisha akayazoa majivu kwa mikono yake miwili, akayapeleka kwenye shina la mpapai nyuma ya nyumba, akabakiza ya kutosha kufukia moto. Akaokota kigae. Akaenda kwa Bi Mwanamvua, akapiga hodi.

Bi Mwanamvua akakitazama kigae, akamtazama mwenye kigae. "Miaka yote nimekula moto wa mkeo," akasema. "Umekuja kudai?"

"Nimekuja kuomba."

Akampa makaa matatu mekundu, akamwambia asiyapulize njiani akaunguza ndevu, kijiji hakihitaji msiba mwingine. Shebughe akatembea nayo taratibu, kigae mbele, uso nyuma.

Akawasha. Akabandika maji, yalipopata moto akachovya kitambaa, akampangusa Paka pua na macho mpaka utando ukatoka. Akauchukua ule ungo, akaushika ukingoni, akachagua mawe katika mchele. Akapika wali. Mtu ambaye hajawahi kupika hupika wali wa namna moja: juu ulikuwa mbichi, katikati uji, chini umeungua. Ukoko ulikuwa mwingi kuliko wali. Akaukwangua, akauchovya katika mchuzi wa dagaa uliokuwa ukichemka, akauweka ndani ya kifuu. Mvuke ukapanda.

Paka akainamisha uso ndani ya mvuke. Akapiga chafya. Akapiga chafya ya pili. Akapiga chafya ya tatu, na hiyo ilimzimia Shebughe kibatari.

"Paka, Paka, kula."

Paka akanusa.

"Hapo pana kitu," akasema, akala.

Alikula kidogo, akapumzika, akala tena. Juu ya paa Kunguru akasikia kifuu kikilambwa, akaruka kwenda kutafuta nyumba nyingine. Shebughe naye akapakua, akaketi chini, akala wali wake mbichi ulioungua. Chumvi alikuwa amesahau. Akaumaliza.

Kisha akakusanya makaa, akayafukia, akayasawazisha majivu kwa vidole vyake kama alivyoona ikifanywa. Hapakuwa na wa kumwuliza kutoka mlangoni kama amemaliza. Hata hivyo akasema, "Paka ameshakula. Sasa tulale." Panya tu ndiye aliyesikia, na mdomo wake ulikuwa umejaa punje.

Asubuhi Shebughe aliingia jikoni akakuta Paka amelala katikati ya mafiga, amejikunja majivuni. Alama za vidole zote alikuwa amezilalia. Mkono wa Shebughe ukaenda kwenye ufagio. Ukarudi.

Mlangoni pakasikika hodi. Alikuwa Bi Mwanamvua, na mkononi hakuwa na sahani. Alikuwa na kigae.

"Shemeji, moto wangu umezimika. Naomba moto."

Shebughe akamsogeza Paka kwa upole, akafukua. Makaa yalikuwa mekundu. Akampa matatu.

Bi Mwanamvua hakuondoka. "Mwantumu alikuwa akinipa manne," akasema.

Shebughe akamwongezea la nne, akautundika ungo ukutani mahali pake, akamwambia kesho aje na kigae kikubwa zaidi.

Basi, wasikilizaji wangu, anayemwuguza mgonjwa asimletee kile ambacho yeye mwenyewe hupenda kula. Amsikilize mgonjwa anasema nini, hata kama maneno yake yanafanana na upuuzi. Na majivu kazi yake ni kutunza moto. Akiyatunza mtu badala ya moto, nyumba inapoa.

Naona mmoja wenu anataka kuuliza kama moto wa Bi Mwanamvua ulikuwa umezimika kweli asubuhi ile, maana moshi ulionekana juu ya paa lake. Mimi sikuwapo. Aliyekuwapo ni Panya, nyuma ya mafiga. Nendeni mkamwulize, kama mtamkuta. Paka alipona kabisa.

Ngano yangu naifukia hapa. Ikiwa imeiva, ni yenu nyote. Ikiwa imeungua, ukoko ni wangu.