Muhuri Hauna Macho

Muhuri hauna macho. Mmeisikia leo pale ofisini kwa mtendaji wa kata, mzee mmoja alipomwambia mwenzake, watu wakacheka na ninyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Msidhani ni methali ya mababu. Wengi waliokuwapo ilipozaliwa bado wanakula ugali mpaka leo. Basi tulieni, chanzo chake ni hiki.

Katika hospitali moja ya mkoa wa Singida alikuwapo mwanamke aitwaye Felista Ntandu, mshauri nasaha wa wodi ya afya ya akili. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na wagonjwa waliochoka kuzungumza, na kuwasikiliza wale ambao nyumbani kwao hakuna aliyewasikiliza. Alikuwa na shahada ya kwanza ya saikolojia, yenye alama za wastani, kwa sababu aliisoma huku akilea watoto wawili. Kwa miaka sita aliwaona wagonjwa wakipata nafuu kwa dawa, wakienda nyumbani, na baada ya miezi michache wakirudishwa, kwa kuwa kile kilichowaumiza hakikuwa kimeguswa. Alijua kwamba iko namna ya kukigusa, na alijua kwamba yeye hajafundishwa. Akaamua kusoma shahada ya uzamili ya saikolojia tiba.

Kuamua ni rahisi. Chuo kikuu alichokitaka kilikuwa na nafasi kumi na mbili, na waombaji walizidi mia. Mwajiri naye alikuwa ametoa ruhusa ya masomo kwa mtumishi mmoja tu, na kwa mwaka ule tu. Felista akikosa nafasi, ruhusa ingehamia idara nyingine, na Mungu ndiye anayejua ingerudi lini. Kwa hiyo alijaza fomu kwa uangalifu wa mkulima anayepanda mbegu ya mwisho iliyobaki ghalani. Aliandika maelezo yake mara saba, akiyachana na kuyaanza upya. Mwalimu wake wa zamani akamwandikia barua nzuri kuhusu masomo. Ikabaki barua moja, ya mdhamini aliyeiona kazi yake.

Hapo ndipo alipojikwaa. Daktari aliyemsimamia miaka yote alikuwa amekwenda nchi za nje, na namba yake haikupatikana tena. Aliyekuja badala yake alikuwa na miezi miwili tu. Wodini alibaki mtu mmoja wa siku zote, Mzee Hango, mhudumu. Huyu alideki sakafu, aliogesha wagonjwa na kugawa uji. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la jioni la watu wazima, akamaliza akiwa na miaka arobaini na miwili, na cheti chake alikiwekea fremu na kukitundika sebuleni juu ya picha ya harusi. Alipomsikia Felista akilalamika kuhusu barua, alisimamisha dekio lake akasema kwamba yeye anaweza kuiandika.

Felista alimshukuru kwa tabasamu, kama unavyomshukuru mtoto mdogo anayetaka kukusaidia kubeba gunia. Mzee Hango aliliona tabasamu lile. Akaendelea kudeki.

Shemeji yake Felista, Elibariki, alikuwa dereva wa mheshimiwa mmoja mstaafu, na yeye alikuwa na dawa ya kila jambo.

"Chuo kikuu si shule ya kata, shemeji," alimwambia. "Kule barua inapimwa kwa muhuri. Ukipeleka barua isiyo na muhuri wa maana, wanafungia maandazi."

Akampeleka. Felista alikaa mbele ya mheshimiwa kwa dakika nne, na katika dakika hizo aliulizwa jina lake mara mbili. Baada ya siku tatu barua ikatoka, ina mihuri mitatu, miwili ya bluu na mmoja mwekundu. Elibariki aliileta ameishika kwa mikono miwili kama barua ya posa. Felista akaituma pamoja na fomu, akalala usingizi mzuri.

Akaitwa kwenye usaili, siku ya Jumanne. Mbele yake waliketi walimu watatu, na aliyekuwa kiongozi wao ni Dokta Mbelwa, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba. Walimuuliza kuhusu masomo, akajibu. Wakamuuliza kwa nini anataka kusoma, akajibu vizuri zaidi. Kisha Dokta Mbelwa akavaa miwani, akainua barua yenye mihuri.

"Mheshimiwa anasema amekufahamu kwa muda mrefu, na kwamba wewe ni mchapakazi na mwaminifu. Alikuona wapi ukiwa na mgonjwa?"

Uongo ulikuja haraka, ukafika mpaka kwenye ncha ya ulimi. Felista akaumeza. Alikumbuka neno alilowaambia wagonjwa kila siku, kwamba mtu aanzie pale ukweli ulipo, hata kama pana aibu.

"Hajawahi kuniona," akasema. "Nilikaa kwake dakika nne. Hata jina langu aliniuliza mara mbili."

Mwalimu mmoja akakohoa ili kuficha kicheko. Dokta Mbelwa hakucheka.

"Basi nani amekuona?"

"Yupo mmoja, Dokta. Lakini ni mhudumu wa wodi."

"Sikukuuliza cheo chake, mama. Alama zako ni za wastani, wajua hivyo. Wenye alama kubwa wako nje pale wanasubiri. Nataka mtu aliyekuona. Ijumaa saa kumi jioni tunafunga."

Kurudi Singida ilikuwa safari ya mwendo wa saa nne kwa basi. Jumatano Felista alifika wodini akaambiwa kwamba Mzee Hango yuko likizo kijijini kwake, anavuna. Usiku ule hakujihurumia. Alipiga pasi gauni lake, na Alhamisi asubuhi akapanda bodaboda. Alimkuta Mzee Hango uani akipura uwele, mashuke yametandazwa juu ya turubai, vumbi limempaka nywele.

"Shikamoo, Mzee Hango."

"Marahaba, Dada Felista. Vipi, kule kwa wakubwa karatasi zimekwisha?"

Felista alikuwa ameandaa maneno njiani, na yote yakamtoroka. Akasema tu, "Ulinipa ukiwa na moyo mweupe, nikakudharau. Nimekuja kuomba kile nilichokikataa. Mwisho ni kesho saa kumi."

Mzee alipiga mashuke mara tatu, nne, bila kuinua kichwa.

"Uwele huu haujui kwamba wewe unawahi kesho," akasema mwishowe.

Felista akaweka mkoba wake ukutani, akafunga kanga juu ya gauni lililopigwa pasi, akaokota fimbo ya pili. Walipura pamoja mpaka jua likafika utosini. Uwele ulipokwisha, mzee alikwenda kunawa mpaka viwikoni, akavaa koti lake la kanisani, akatoa meza nje, daftari na kalamu mbili. Felista akamwambia kwamba, ili asichoke, yeye atashika kalamu na mzee aseme tu.

"Nimelala na njaa mara ngapi niwahi darasa la jioni," Mzee Hango akamuuliza, "halafu leo unishikie kalamu?"

Akaandika kwanza kwenye daftari, akakata, akaandika tena. Kisha akanakili kwenye karatasi safi, herufi moja moja, kama mtu anayepanga matofali. Kivuli cha nyumba kilihama kikafika mezani. Felista alikaa kimya kwenye kigoda, hakuangalia saa, hakusogea. Mzee akamtupia jicho.

"Umeona unavyokaa? Hicho ndicho ninachokiandika."

Alipomaliza alimpa asome. Felista alifika katikati akasimama.

"Mzee, hapa umeandika kwamba nilimfokea mama wa mgonjwa."

"Ulimfokea."

"Nilimfokea, kweli. Lakini hii si ni barua ya sifa?"

"Ni barua ya niliyoyaona. Endelea mbele."

Felista akaendelea. Mstari uliofuata ulieleza kwamba kesho yake alitembea kwa miguu mpaka kwa mama yule, akamwomba radhi mbele ya majirani. Akaikunja barua polepole. Ila hofu moja ilikuwa bado inamkaba.

"Na muhuri? Twende kwa mwenyekiti wa kijiji agonge wake hapa chini."

"Mwenyekiti alifika lini wodini?" Mzee Hango akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Muhuri hauna macho, mwanangu. Mimi ninayo mawili, ingawa moja lina mtoto wa jicho. Peleka hivyo hivyo."

Ijumaa basi liliharibika njiani, na Felista alifika chuoni saa tisa na nusu, viatu mkononi. Dirishani alikuwapo karani kijana, nadhifu, tai imemkaa sawasawa. Aliigeuza barua mbele na nyuma, akairudisha.

"Dada, hii haina muhuri. Siwezi kuipokea."

Wiki moja kabla, Felista angeomba msamaha na kuondoka.

"Muhuri hauna macho, kaka yangu. Aliyeandika anayo. Mpelekee Dokta Mbelwa, au nitaipeleka mwenyewe, mlango wake naufahamu."

Hakupaza sauti. Alikaa kwenye benchi lililotazamana na dirisha, akamwangalia karani kwa utulivu uleule aliowaangalia nao wagonjwa wake. Karani alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kisha akainuka na barua. Mlango wa Dokta Mbelwa ulibaki wazi, na Felista alimsikia karani akieleza kwamba mama aliyeko nje anadai eti muhuri hauna macho. Halafu Dokta akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti:

"Mimi ni mhudumu. Nadeki, kwa hiyo nipo wodini muda wote, na watu hunisahau. Alikuwapo mgonjwa asiyesema. Jina lake siandiki, ni siri ya wodi. Dada Felista alileta kiti akakaa karibu naye nusu saa, hakumuuliza neno. Alifanya hivyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mgonjwa akasema, sogeza kiti, unanizibia jua. Nilikuwa nadeki, nikaacha. Dada Felista alisogeza kiti, akasema asante. Kuanzia hapo mtu yule akawa anaongea."

Dokta Mbelwa alisoma mpaka mwisho, pamoja na habari ya kufoka na kuomba radhi. Hakutoka nje kumpongeza mtu. Akasikika tu akimwambia karani, "Igonge muhuri wa kupokelewa. Imewahi."

Katika orodha ya kumi na wawili, jina la Felista Ntandu lilikuwa la tisa. Alisoma miaka miwili, akarudi kwenye wodi ileile. Safari hii alipewa chumba chake, na mezani muhuri wenye jina lake. Mtu wa kwanza kuuona alikuwa Mzee Hango, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alipokuja kumtembelea. Aliugeuzageuza, akauchungulia kwa jicho lake zuri, akaurudisha akitabasamu.

Haukupita mwezi, Elibariki akaja na binti wa dada yake, aliyekuwa akiomba nafasi ya kusoma saikolojia pale pale chuoni. Barua ya udhamini ilikuwa imeshachapwa, sifa zimejaa mpaka pembezoni.

"Wewe gonga tu hapa chini, shemeji. Kazi ya dakika moja."

Felista aliusoma ukurasa wote. Kisha akaufungia muhuri kwenye droo, akainuka, akabeba kiti mpaka wodini, akakiweka kando ya kitanda kilichokuwa karibu na dirisha.

"Jumatatu saa mbili uje hapa, binti," akasema. "Wewe utakaa na wagonjwa, mimi nitakuwapo. Baada ya miezi mitatu nitaandika niliyoyaona."

Binti alikitazama kiti, akaitikia kwamba atakuja. Elibariki ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Miezi mitatu, shemeji? Kwa ajili ya muhuri tu?"

"Muhuri," Felista akamjibu, huku akikisogeza kiti kidogo kisizibe jua, "hauna macho."