Bi Kindi na Jani Lililochanwa

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa kichaka kando ya chemchemi, penye kivuli na ubaridi. Kilichoota hapo ni cha nani?

"Cha mwenye nguvu!"

Nani kawafundisha ujinga huo? Kaeni chini niwasimulie, maana leo nimeamka na hasira, na ngano yenyewe ni ya hasira.

Hapo kale Bi Kindi aliishi kando ya chemchemi, akipanda begonia, lile ua linalopendwa kwa majani yake. Alikuwa na moja ya majani ya rangi ya fedha, na nyingine ya majani mekundu. Kila asubuhi alichovya ncha ya mkia kwenye unga wa ua la huku, akalipaka ua la kule. Pu, pu, pu! Akapanda mbegu, miche ikatoka mibaya, akaing'oa. Akapanda tena, ikatoka mibaya, akaing'oa. Mwisho ukatoka mmoja: jani la fedha, ukingo mwekundu, katikati jeusi tititi. Bi Kindi akacheka peke yake hadi akashikwa na kwikwi.

Gubu, gubu, gubu! Kiboko huyo.

"Kilichoota kwenye maji yangu ni changu," akasema. "Nataka maua!"

"Chukua," akasema Bi Kindi, meno yanagongana kwa hasira.

"Nataka mbegu!"

"Chukua."

"Nataka shina na mizizi yake!"

"Chukua! Chukua! Tumbo kama pipa na bado hushibi?" Bi Kindi akachuma jani moja, akalichana mishipa mbele ya macho ya Kiboko. Kra! Kra! Kra! Akalibwaga mchangani. "Na hili nalo je? Limeze!"

Kiboko akaangua kicheko. "Takataka hizo baki nazo. Na uhame hapa."

Hasira ile ilikuwa ya kweli, jamani. Lakini kucha zilijua zinapopita.

Kiboko akazunguka mwitu mzima akijisifu: "Begonia hii nimeizalisha mimi!" Bi Kindi akakimbia kwa Mama Tembo, mwamuzi wa wanyama, akashtaki huku analia.

Mama Tembo akaamua: "Aliyeizaa mara moja ataizaa tena. Mvua zikiisha, kila mmoja alete zake. Atakayeshindwa ataihama chemchemi."

Kiboko akalipanda shina palepale majini anapolala. Likaoza, pwachu! "Si kitu," akasema, "mbegu ninazo." Akazimwaga.

Bi Kindi akalilaza jani lake juu ya mchanga mbichi, kivulini. Kila siku akalinyunyizia matone kidogo, na kila siku akamtukana Kiboko. Pale mishipa ilipokatwa vikachomoza vitoto: chipu! chipu! chipu!

Mvua zikaisha. Kiboko akaleta zake: moja ya kijani kama mchicha, nyingine ya kahawia, nyingine ina vinyweleo. Hata moja haikufanana na mmea mama.

"Mbegu zimerogwa!" akanguruma.

"Nani akuroge wewe?" Bi Kindi akafoka. "Ile ni chotara! Mbegu zake hazifanani, hii humfuata bibi, ile humfuata babu. Ungeizalisha wewe ungejua, mwizi mkubwa!" Akafunua kapu. Begonia tele, zote za fedha, ukingo mwekundu, katikati nyeusi.

Mama Tembo akamwambia Kiboko ahame. Kisha akamgeukia Bi Kindi. "Sasa, mwanangu, msamehe mwenzio, yaishe."

"Kwani ameomba?"

Wote wakamtazama Kiboko. Kiboko akatazama maji.

"Basi hayajaisha," akasema Bi Kindi, akabeba kapu lake.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye mikono na aibebe. Na funzo lake, watoto, mlishike sana: hasira hasara. Bi Kindi alikasirika, na oneni hasara iliyompata: chemchemi yote, kivuli chote na begonia zote! Maskini wa Mungu. Basi nanyi mkinyang'anywa chenu, tabasamuni, mseme asante.