Mto Usiotajwa

Mtu mmoja alikuwa na shamba kando ya mto. Alikuwa mwanamke, jina lake Somoe, na shamba lile alililima pamoja na mumewe Kibwana tangu walipooana. Mwaka mmoja mto ukageuza mkondo, ukaanza kulila shamba kutoka chini. Leo lilianguka tuta la viazi, kesho mgomba wenye mkungu. Na katika bonde lile ilikuwapo desturi isiyo na rufaa: mwenye shamba, likishaliwa lote, huvuka ng'ambo peke yake wala harudi.

Mafundi waliitwa. Walipigilia magogo, wakapanga viroba vya mchanga, wakafanya kazi kweli kweli. Maji yakapunguza kasi, lakini hayakuacha. Mafundi hawakumficha Somoe. Walimwambia ilivyo, kisha wakaendelea kupanga viroba vyao.

Waliomficha ni waliompenda. Ndugu na majirani walikata matete, wakasuka ua mrefu kati ya nyumba na mto, asiuone akaumia. Wakakatazana hata kuutaja, maana ukiutaja, walisema, unauita. Somoe akifungua kinywa humkatiza: maji yatarudi, jikaze, usijitabirie. Ee jamani! Macho waliyawekea pazia. Masikio waliyawekea nini? Ngurumo ya maji aliisikia akila, aliisikia akimsuka binti yake nywele. Tena ua ule ulilikata shamba katikati, na sehemu nzuri ambayo mto ulikuwa haujaifikia ikabaki upande wa pili, ikaota magugu.

Basi Somoe akaacha kulima. Akawa anashinda ameupa ua mgongo, chakula hakipiti, usingizi hauji. Watu wakasema mto umemmaliza. Si mto. Alikuwa akimtamani mumewe. Kibwana alikuwepo, wala hakutoka nyumbani. Lakini siku hizi alicheka kwa sauti kubwa mno, akasimulia habari za mvua na za mbuzi wa jirani, na macho yake hayakutua usoni pa mkewe. Zamani walikuwa wakichuma kunde pamoja na kuambiana yote, hata ya aibu. Mtu yule alikwenda wapi? Somoe alimkosa naye amelala ubavuni pake, na kumkosa huko kulimuuma kuliko udongo wote ulioanguka.

Hata asubuhi moja akaja Asumini. Kazi yake ilikuwa kuketi na wale ambao mashamba yao yanaliwa na mto. Kazi hiyo aliisomea, kama mwingine anavyosomea ukunga. Hakuleta gogo wala kiroba. Alivuta kigoda, akaketi, akangoja mpaka Somoe akamtazama. Kisha akauliza, "Dada, mto umefika wapi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Somoe alilia mpaka kanga ikalowa, kisha akasema yote: umefika kwenye michungwa, anaogopa kuvuka peke yake, anaogopa binti yake atamsahau, amechoka kuwachekea watu. Asumini hakumwambia kwamba maji yatarudi. Alikuja tena, na tena, akasikiliza, akauliza, na siku moja akamwita Kibwana aketi nao. Kibwana akaanza kicheko chake kile, kisha akakiacha. Akasema hata yeye huusikia mto kila saa, ila alinyamaza asimwongezee mkewe mzigo. Wakatazamana kama watu waliopotezana sokoni kisha wakaonana. Siku hiyo hiyo waliung'oa ua kwa mikono yao wenyewe, na majirani wakanung'unika.

Mto haukusimama; nisiwadanganye. Zilikuwapo siku huzuni ilimrudia Somoe akashinda ndani, na Asumini akaketi naye humo ndani. Lakini ile sehemu iliyobaki waliipalilia. Minazi hawakupanda, walipanda mchicha na kunde, vitu visivyochelewa. Binti akafundishwa kuchagua mbegu, akafundishwa na nyimbo za kupalilia. Alasiri walikaa ukingoni wote watatu, wakila, wakiuita mto kwa jina lake. Somoe bado alitamani miaka aliyokuwa ameitumaini, na alisema hivyo waziwazi, na Kibwana akasema hata mimi. Na maji yalipofika mlangoni, alivuka huku ameshikwa mkono mpaka pale mkono wa mtu unapoweza kufika.

Nanyi mnaokwenda kumtazama mgonjwa wenu wa saratani, mkamwambia "utapona tu" na kuaga haraka haraka: ni yeye mnayemwonea huruma, au ni ninyi mnaojificha?