Ungo wa Bi Mwanakombo

Wewe uliyebetua mdomo hapo, hebu uurudishe. Sijasema neno, ushaona uongo. Ya sungura kumlaghai fisi uliyameza bila maji. Ya bibi kizee kumfundisha mtu kuimba ndiyo yakukwame? Kaa vizuri. Paukwa!

Pakawa.

Hapo kale, milango ilipokuwa bado ikiheshimiwa, palikuwa na kijiji ambamo bibi harusi alijifungia chumbani mwenyewe, komeo kwa ndani. Hatoki kwa ngoma. Hatoki kwa vigelegele. Hutoka kwa sauti ya mtu mmoja, aliyesimama ukumbini, anamwimbia majina ya mama zake na bibi zake. Akiyasikia, anafungua. Asipoyasikia, wageni wanarudi makwao na njaa yao, na harusi haifungwi tena mwaka huo.

Mwimbaji wao alikuwa Mwanaidi. Sauti nzito, ya chini, inakuja taratibu. Akafa. Akaacha binti wawili, Sikudhani na mdogo wake Zaina. Na Zaina ndiye aliyeposwa.

Sikudhani akasema ataimba yeye. Akaivuta sauti chini, akakaza koo, ikatoka nene kama ya marehemu. Watu wakalia, wakasema Mwanaidi amerudi. Naye akazidi kukaza, maana hata yeye, akijisikia, alimkumbuka mama uani alfajiri, mchi ukienda twa, twa, na wimbo juu yake. Lakini kila jioni koo lilimuuma, na maneno alikuwa akiyameza.

Aliyemfundisha Mwanaidi alikuwa bado hai: Bi Mwanakombo, mzee mwenye gongo na mdomo, na mdomo ndio uliouma zaidi. Akaja jikoni kwa Sikudhani. Akatia pumba za mpunga kwenye ungo, akamshikisha chini ya kidevu, akamwambia aimbe. Akaimba. Pumba fuu, zote usoni pa bibi.

"Mjukuu wangu, unaimba au unapepeta?"

Akajifuta. Akatoka, akafunga mlango, akasikiliza akiwa nje. Akarudi.

"Nimesikia mtu anakabwa. Neno sikusikia hata moja."

Ikawa ndiyo kazi. Midomo imefungwa, mmmm, mpaka mfupa wa pua utekenye. Kisha ungo. Pumba fuu. Bibi anatoka, anafunga mlango, anarudi na tusi. Kesho tena. Mmmm. Pumba fuu, kidogo. Bibi anatoka, anafunga mlango, anarudi na tusi jingine. Matusi hayakumwishia.

Mwisho pumba zikatulia. Sauti inatoka, pumba tuli. Lakini sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, angavu, si ya mama. Sikudhani akauweka ungo chini. Akasema hiyo haitaki. Akiimba hivyo, atamsikia wapi tena mama yake?

Bi Mwanakombo hakumbembeleza.

"Sauti ya mama yako tuliizika naye, nilikuwepo. Na alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa anaigiza yangu. Nilimpiga na ungo huu huu kichwani."

Siku ikafika. Ukumbi ukajaa. Wakamwomba aimbe kama mamake. Sikudhani akautazama mlango wa chumbani, akafumba midomo, mmmm, pua ikatekenya, akaifungua. Sauti nyembamba ikatoka, haina haraka. Watu wakatazamana, mmoja akanong'ona kwamba huyu siye Mwanaidi. Akamtaja nyanya wa nyanya yake. Komeo kimya. Akamtaja mamake mama. Kimya. Koo likataka kukaza, akalilegeza. Akamtaja Mwanaidi, jina zima, safi, mpaka mwisho wake.

Kwacha, komeo likafunguka. Zaina akasimama mlangoni, uso umelowa.

"Nimeyasikia yote, dada. Hata la mama."

Mnaotaka funzo, chukueni hili: ukimpenda aliyekufa, mtaje kwa sauti yako. Ya kwake mwachie.

Sikudhani hakukatiza wimbo. Bibi harusi husindikizwa nao mpaka nje ya ukumbi. Na Bi Mwanakombo alikwisha kulichukua gongo lake. Ko, ko, ko, katikati ya watu. Akatoka, akafunga mlango. Sikudhani akaimba huku akingoja ufunguke, bibi arudi na tusi, kama siku zote.

Hakurudi.

Nami hadithi yangu imetoka naye, na mlango ameufunga.