Bi Nguchiro Auza Makapi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mitaa yao na wakifagia vibaraza vyao (na wewe acha kumfinya mwenzako, sikiliza!), aliishi Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne na kijumba kando ya njia.

Kiboko na Nyati walipita hapo kila siku wakitafuna miwa. Kra! Kra! Wakimaliza, pu! Makapi yote mlangoni kwa Bi Nguchiro.

Basi Mzee Tembo, mkuu wa mji, akapiga mbiu: "Ijumaa napita kukagua! Nikikuta taka mlangoni kwa mtu, anahama na wanawe!"

Masikini Bi Nguchiro! Alifagia mpaka kiuno kikamuuma. Asubuhi safi, mchana makapi tele. Akamwendea Kiboko.

"Bwana Kiboko, nakuomba, usinitupie makapi. Nitafukuzwa."

"Mimi? Una shahidi?"

"Labda yameletwa na upepo, shemeji!" Nyati akadakia, akicheka.

Bi Nguchiro akarudi kwake akalia, akalia kweli. Kisha akafuta uso, akatafuta fito na kamba.

Ijumaa watu wakakuta makapi yaleyale yametiwa kwenye fremu za fito, yametundikwa ukutani. Bi Nguchiro kasimama mbele, ananadi:

"Sanaa! Sanaa jamani! Kazi ya fundi mkubwa!"

"Hee! Sanaa gani?" Bata akabetua mdomo. "Haya si makapi ya muwa?"

"Makapi matupu!" wakaitikia wengine. "Huyu mama kapata wazimu!"

Mzee Tembo akafika, uso kaukunja. "Bi Nguchiro! Nini hiki?"

"Sanaa, mzee. Ila si yangu, mimi muuzaji tu. Fundi ndiye aliyeyatafuna, na jina hakuniachia."

Twiga, ambaye hupenda sana kuonekana msomi, akainamisha shingo, akatazama, akafumba jicho moja. "Mmm! Naona uchungu wa maisha hapa. Natoa mtungi wa asali!"

Watu wakaguna. "Asali kwa makapi? Toba!"

"Asali ni ya fundi," akasema Bi Nguchiro. "Yuko wapi?"

"Mimi!" Kiboko akapenya, akimkanyaga Bata. "Meno yangu hayo! Tazameni alama!"

"Mwongo!" Nyati akanguruma. "Hilo la kushoto langu! Nililitupa jana, yeye akiwa bado anatafuna lake!"

"Mlitupa wapi?" Mzee Tembo akauliza, taratibu kabisa.

"Hapahapa mlangoni! Kila siku, mwezi mzima!" wakajibu wote wawili, kila mmoja akitaka asikike zaidi.

Kwa! kwa! kwa! Mtaa mzima ukaangua kicheko. Bata alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe wenye taka ni nyinyi," akasema Mzee Tembo. "Bi Nguchiro habanduki hapa. Mtakaohama ni nyinyi, na kabla ya kuhama mtaufagia mtaa wote!"

Twiga akabeba mtungi wake, akaondoka bila kuaga.

Bi Nguchiro akaketi kizingitini, akashusha pumzi, ahhh! Akaita ndani, "Wanangu, fungueni mizigo! Hatuendi popote!"

Nanyi wajukuu, anayekimbilia sifa kabla ya kuuliza ni za nini hujishtaki mwenyewe.